Bundi Hana Haraka

Mgeni huteremka Uvira na darubini shingoni, akiulizia ndege adimu. Wenyeji humwonyesha yangeyange, tele palipoanikwa ndagala, ndege hao wakisubiri mama mwenye mali ageuze mgongo. Hao hawataki. Wa kawaida mno!

Anamtaka bundi wa Itombwe, kule milimani juu ya mji. Haya. Bundi huyo alipatikana 1951, akapewa jina la Alexandre Prigogine, mhandisi wa migodi. Akanaswa tena wavuni mwaka 1996: miaka 45! Hata mbunge hurudi jimboni mapema kuliko hapo.

Ziwa Tanganyika, kwa upande wake, halina maringo. Mwaka 2024 lilipanda lenyewe hadi nyumba za Kalundu na Kavimvira, mitaa ya Uvira. Mpenda ndege angeokoa nauli ya mtumbwi. Wenye nyumba waliilipa.