Mche Ulale na Chandarua

Mtaalamu wa kilimo cha ng'ambo anasisitiza: usiku wa Aprili funika miche michanga, jalidi isije ikaiua. Haya. Hapa kwetu, bonde la Yaeda Chini nchini Tanzania, Aprili ni masika, na anayemnyima usingizi mwenye kitalu ni mbuzi wa jirani. Kipupwe chetu ni Juni na Julai, hasa huko juu Mbulu. Hapo wapo wanaotandika nyasi, na wapo wanaovika nyanya chandarua kilichogawiwa bure kuzuia mbu. Mche unakoroma, mwenye nyumba anajikuna hadi alfajiri.

Wahadzabe, wenyeji wa bonde hili, hawana mkesha huo. Viazi pori vyao vimejifunika vyenyewe chini ya mawe. Akina mama huvichimba kwa mti uliochongwa ncha, wakavibabua motoni, watoto wakatafuna na kutema nyuzi. Miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya hapa Yaeda Chini wafundishwe kulima. Wengi waliaga kimyakimya, wakarudi porini. Mwaka 2011 wakapata hati ya kimila ya ardhi yao. Semina ya kuwafundisha kufunika miche, nasikia, bado inatafuta wafadhili.