Nyumba ya Miwani Myeusi

Bibi hana shaka hadi leo: macho mekundu huambukizwa kwa kutazamana. Ndiyo maana mjukuu wake wa darasa la tatu alipoamka jicho limevimba na kope zimegandana kwa tongotongo, hakuuliza habari za dawa. Alimtuma kijana sokoni Tandika akanunue miwani myeusi, kila mtu na yake, mpaka dada wa kazi.

Ilikuwa Januari 2024. Dar es Salaam nzima ilikuwa inapangusa machozi, Wizara ya Afya imeshatoa tahadhari, na shule ndiyo kwanza zimefunguliwa. Mtoto aliuleta ugonjwa nyumbani pamoja na madaftari. Nasi tulikuwa na harusi ya binamu yangu wiki ileile, ndugu wamejaa hadi barazani.

Sasa iweke miwani hiyo ndani ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu usio na dirisha, vyumba huku na huku, na mgao wa umeme umepamba moto. Hakuna aliyekuwa anaona. Watu wakaanza kupapasa. Mtu anapapasa ukuta, anapapasa kitasa, anapapasa kichwa cha Mjomba akidhani ni mto wa kochi. Akifika uani anavua miwani na kufikicha macho kwa mkono uleule. Kinga ya Bibi ilitugeuza sote kuwa watu wa mikono, na mkono ndiyo barabara kuu ya ugonjwa huu. Ukimkodolea mgonjwa macho kutwa nzima hupati kitu. Ila chozi lake likibaki kwenye kitasa, kidole chako kikalichukua na kulipeleka jichoni, umekwisha.

Pale uani, juu ya pipa la maji, lilining'inia taulo. Lilikuwa la wageni, kwa hiyo lilikuwa la kila mtu. Na chumbani kwa bibi harusi kulikuwa na kichupa kimoja cha wanja na kijiti kimoja, kikitoka jicho la shangazi mmoja kwenda la binamu, kutoka la binamu kwenda la mashoga zake. Ijumaa asubuhi wote walikuwa wamependeza, na wote walikuwa wekundu.

Mjomba, baharia mstaafu, alituambia kwamba Afrika Magharibi ugonjwa huu wanauita Apolo. Hapo hakutudanganya: mwaka 1969 ulizuka Ghana, dunia ikiwa inazungumzia Apollo 11 kutua mwezini, watu wakaubandika jina. Baadaye wataalamu walikipata kirusi chake, enterovirusi 70. Tatizo la Mjomba lilikuwa kwenye tiba. Alisikia kwamba maziwa ya mama yanaponya, akakumbuka kwamba jirani yetu ananyonyesha, akachukua kikombe akavaa na kofia.

"Unakwenda wapi?" Bibi akauliza.

"Kutafuta dawa, mama."

"Dawa iko kwa mke wa mtu?"

Kikombe kikarudishwa kabatini. Bibi akamtia mtoto maji ya chumvi, na jicho likazidi kuvimba. Baba naye alikuja na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki tangu alipong'olewa jino, na chupa ya kitakasa mikono iliyodumu tangu enzi za korona, akawa anampulizia kila anayepita.

Hali ndiyo hiyo Shangazi, muuguzi mstaafu, alipoteremka kutoka Morogoro. Aliitazama miwani barazani, akakataa kupewa mkono na mtu yeyote, akaomba sabuni.

Baba alianza kwa kumwonyesha vidonge. Shangazi akamwambia hivyo ni vya bakteria, na hiki ni kirusi. Hakivijui wala hakiviogopi. Baba akajitetea kwamba mdudu ni mdudu. Hapo ndipo Shangazi alipokaa kitako. Akamvuta mtoto, akamwonyesha Baba mapunye kichwani: haya ni fangasi, huenda kwa kitana na mashine ya kinyozi. Malaria ni kimelea, hakifiki mwilini mpaka mbu jike wa Anofelesi akibebe. Kifua kikuu ni bakteria wa hewani, kipindupindu ni bakteria anayeingia kwa maji na chakula chenye kinyesi. Ukimwekea mwenye macho mekundu chandarua, umemzuia nani?

"Na vikope je?" Baba akauliza kwa kuvizia.

Vikope, Shangazi akakubali, ni ugonjwa wa macho wa bakteria, Klamidia. Huenezwa kwa mikono, nguo na nzi, hupofusha, na antibiotiki huutibu.

"Si nilisema!"

"Wewe ulisema jino."

Kitakasa mikono nacho hakikupona. Kirusi cha korona kina utando wa mafuta, spiriti huuvunja. Adenovirusi na enterovirusi, ambavyo ndivyo huleta milipuko ya macho mekundu, havina utando huo. Spiriti haiviwezi vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka huving'oa mkononi vikaenda zake. Taulo likachemshwa, kila mtu akapewa kipande chake cha kanga, wanja ukatupwa chooni. Bibi harusi alilia sana, na hatukujua kama ni kwa uchungu au kwa ugonjwa.

Harusi ilifungwa. Kwenye picha zote bwana harusi amevaa miwani.

Nyumba nzima aliyenusurika ni Bibi peke yake, na hilo ndilo linalompa kiburi. Shangazi ana maelezo mengine: Bibi ana taulo lake, kikombe chake na wanja wake, vyote vimefungiwa sandukuni, kwa sababu hajawahi kumwamini mtu na vitu vyake.

Bwana harusi alipona bila dawa, kama wanavyopona wengi ndani ya wiki moja au mbili. Lakini wewe ukiona jicho linauma sana, mwanga unalichoma au uoni umefifia, usitie matone ya jirani. Mengine yana dawa inayoweza kukuharibia jicho moja kwa moja. Na mtoto mchanga mwenye usaha machoni asingojewe hata kesho: apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.