Upanga Hakuna Aliyeona

Katika Jaane Bhi Do Yaaro, kichekesho cha Kihindi cha 1983, wapiga picha wawili waliofulia wanakuta mauaji ndani ya picha waliyoipiga wenyewe. Wanahangaika na maiti mpaka inaishia jukwaani imevalishwa sari, katikati ya igizo la Mahabharata. Mwisho wanaofungwa ni wao.

Ingechezwa mtaani Upanga, Dar es Salaam, isingefika dakika kumi. Kamera ya nini, na kila ghorofa lina shangazi anayeanika kanga ileile tangu alfajiri? Anajua gari la nani lililala wapi, na nani kapokea sahani ya pilau isiyo yake. Ila afande akipanda ngazi na daftari lake, shangazi alikuwa jikoni. Halafu miwani, mwanangu, iko kwa fundi.