Sifa za Rundo la Nyaya Nyuma ya Redio ya Haisi

Stendi ya Bweri, Musoma, ina vitu vingi vinavyowalisha mafundi, lakini hakuna kinachowalisha kwa uaminifu kama rundo la nyaya lililofichwa nyuma ya redio ya haisi kuukuu. Breki huisha na tairi hupasuka, na dawa yake kila mtu anaijua. Rundo la nyaya halijulikani na mtu yeyote, hata na fundi aliyelisuka mwaka jana, na hapo ndipo ulipo utukufu wake.

Asili yake ni ya heshima. Lilitoka Japani likiwa limepangwa, likaishia kwenye soketi mbili: ya pini 10, yenye umeme na spika za mbele, na ya pini 6, yenye spika za nyuma. Hali hiyo ya kuchosha haikudumu. Redio za Kijapani za zama hizo zilishika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Tanzania zimetawanyika kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo gari lilishuka bandarini likiwa kiziwi kwa sehemu kubwa ya nchi. Redio ikatolewa. Mmiliki wa kwanza akakata soketi kwa koleo ili asichelewe, wa pili akafunga amplifaya, wa tatu akaiuza amplifaya na kuacha nyaya zake, na katikati yao kuna aliyepitisha humohumo umeme wa taa za urembo na chaji ya simu ya konda. Kadi ya gari hutaja wamiliki wachache. Rundo linawakumbuka wote.

Sifa yake kuu ni rangi. Redio mpya za dukani hufuata mpango mmoja: njano ni umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, nyekundu ni umeme wa swichi, nyeusi ni hasi ya bodi. Chanya ya spika ya mbele kushoto ni nyeupe, ya mbele kulia kijivu, ya nyuma kushoto kijani, ya nyuma kulia zambarau, na hasi ya kila moja ni rangi ileile yenye mstari mweusi. Toyota nyingi za zamani, haisi zikiwamo, zina katiba yao. Kwao umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, na hasi ya bodi ni kahawia. Waya mweusi, ambao kila mtu anaapa kuwa ni hasi, ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, na hasi ya spika hiyo ni njano. Nyekundu na nyeupe ni za nyuma kulia, pinki na zambarau ni za mbele kushoto, kijani mpauko na bluu ni za mbele kulia.

Anayeoanisha njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kama akili timamu inavyomwelekeza, huipa redio mpya utulivu kamili: haiwaki. Zawadi nono zaidi iko kwenye kijani. Kijani iliyokolea ya Toyota hubeba umeme wa mwanga wa dashibodi, ambao huja taa za gari zikiwashwa. Ikiunganishwa na kijani ya redio, redio yenye ulinzi hujizima mapema; isiyo na ulinzi wa kutosha huenda ikavumilia hadi jioni, dereva awashe taa, na volti 12 ziingie amplifaya kwa mlango wa kutokea. Abiria wa Bunda husafiri kimya. Hakuna sheria ya kelele iliyowahi kutekelezwa kwa ukamilifu huo.

Asiyeziamini rangi hulazimika kuuliza waya wenyewe. Multimita huwekwa kwenye volti, hasi yake ikishikizwa kwenye chuma cha bodi. Waya wenye volti 12 ufunguo ukiwa mfukoni ni wa kudumu; unaozipata ufunguo ukizungushwa hatua ya kwanza ni wa swichi; unaosubiri taa ni wa mwanga. Ncha za nyaya hizo hufungwa tepu mara moja, maana ule wa kudumu ukigusa bodi fyuzi inaondoka, na katika Toyota nyingi fyuzi hiyo ndiyo ya taa ya ndani pia, hivyo konda huhesabu chenji gizani. Zilizobaki hupimwa kwa omu, mbilimbili. Jozi inayosoma kati ya 3 na 4 ni spika ya omu 4. Kisha betri ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani, hugusishwa kwenye jozi na kuondolewa papo hapo. Spika hukohoa mahali fulani ndani ya gari, na dogo anayejifunza kazi, aliyewekwa siti ya nyuma, hupaza sauti kutaja ni ipi. Karatasi ya spika ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ikivutwa ndani, ni kinyume. Kuitazama hudai kufungua kava, na humo hupatikana vumbi la barabara za Mara na maganda ya karanga.

Waya usio na mwenzake ndio wenye hadhi ya juu. Ama umekatikia kwenye mpira wa bawaba za mlango, ama ni mabaki ya redio ya kale ambayo hasi ya spika ilirudi kupitia bodi. Redio za sasa hazivumilii hilo: nyaya zote mbili za kila spika hubeba takriban nusu ya volti za betri, na mmoja ukigusishwa bodi, aisii, yaani chipu inayokuza sauti ndani ya redio, inaweza kuungua. Tiba ni kuvuta nyaya mpya hadi kwenye spika, kazi yenye bei yake, na ule wa zamani hubaki ndani ya rundo kwa faida ya vizazi.

Chanya na hasi zikigeuzwa kwenye spika moja tu, hakiungui kitu. Moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi hupotea katikati ya viti. Mwenye gari hudhani spika ni feki, akanunua kubwa zaidi, pamoja na redio ambayo boksi lake limeandikwa wati 50 mara 4. Kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, hesabu haivuki wati 26 hivi za mlio safi; zilizobaki ni ushairi wa kiwandani.

Utaratibu mzuri unataka kila waya uandikwe jina kwenye kipande cha tepu nyeupe, na soketi ya Toyota, kama bado ipo, iunganishwe kwa plagi ya kati bila kukatwa. Plagi hiyo hufuta karibu maswali yote yaliyotangulia, ndiyo maana haina marafiki. Kwa kawaida nyaya husokotwa kwa vidole, zikafungwa tepu nyeusi, zote rangi moja, zikasukumwa ndani kwa kiganja na redio ikakazwa haraka kabla hazijarudi. Injini ya haisi iko chini ya viti vya mbele. Joto lake hulainisha gundi ya tepu, tepu huanza kufunguka, na fundi wa pili hupata kazi.