Wanja wa Kudumu

Shoga, umechoka kupaka wanja kila asubuhi, sasa unataka uchorwe kwa sindano. Hongera. Utapakwa ganzi, kisha utaambiwa utulie, usipepese, huku sindano ikikutembea ukingoni mwa kope. Kesho yake utaamka macho yamevimba kama uliyekesha msibani. Majirani wakikupa pole, ipokee tu. Wanja wenyewe utaanza kwa kukolea kupita kiasi, utabanduka magamba, utapauka, na baada ya wiki kadhaa utarudi kuongezwa rangi. Kulipia ni juu yako, si juu ya jicho. Tena huo wa kudumu hufifia baada ya miaka michache, ila ukiuchukia mwezi ujao, ndipo utakapoujua udumu wake. Wanja wa kopo huondoka kwa mafuta ya nazi.