Sifa za Msanii Asiyejulikana

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana nimetafuta kwa makini mtu wa kumsifu ambaye sifa hazitamharibu, nikampata ndani ya kiredio changu cha kadi. Pale kwenye kioo, mahali pa jina lake, huandikwa kwa Kizungu maneno mawili ambayo maana yake ni Msanii Asiyejulikana. Nyimbo zake hazina majina, zina namba. Albamu yake ni moja tu, nayo haijulikani vilevile. Huyu ndiye mwanamuziki mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaweka mfukoni, na nashangaa hadi leo hakuna hata kichochoro kilichopewa jina lake.

Pima mwenyewe. Kadi yangu ni ya GB 32. Wimbo uliobanwa kwa kiwango cha kawaida hula kama MB moja kwa kila dakika, kwa hiyo kadi hiyo hubeba nyimbo zinazokaribia elfu nane za dakika nne nne. Ukizisikiliza mfululizo bila kulala, bila kula, bila kuitikia hodi, utamaliza baada ya siku 22. Mimi ninazo elfu sita na ushei, na karibu nusu ni za kwake. Ameimba taarabu, ameimba dansi, mchiriku, kwaya na kaswida. Asubuhi ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, mchana ni wanaume saba na tarumbeta tatu. Mwimbaji gani mwingine wa Afrika Mashariki ana pumzi hiyo?

Kadi nilijaziwa kibandani, kwa kijana mwenye kompyuta moja, feni moja na nyaya nyingi kuliko mahitaji. Nilimwambia nataka za zamani. Akaniuliza, "Za zamani kidogo au za zamani zenyewe, mzee?" Nikasema zenyewe. Akanakili folda nzima bila kuifungua, akapokea elfu mbili yake, akamgeukia mteja aliyenifuata. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba kiredio hakizichezi kwa mpangilio wa alfabeti wala wa miaka. Vile vya bei yangu hucheza kwa kufuata faili ipi iliandikwa kwanza kwenye kadi, kama foleni ya kliniki: aliyewahi ndiye atakayeonwa, hata kama nyuma yake kuna mgonjwa mahututi. Ukitaka wimbo wa 3,000, shika kitufe cha mbele na uanze safari.

Wapo watakaosema hii ni adha. Hao hawajaishi na wenye majina.

Mchukue Franco wa Kongo. Yeye kwenye kadi yangu ana nyumba nne. Yuko kwenye F kama Franco, yuko kwenye L kama Luambo Makiadi, yuko kwenye O kama OK Jazz na kwenye T kama TPOK Jazz, na kila nyumba ina wimbo uleule mmoja wa dakika kumi na kitu, ili popote utakapopiga hodi usimkose. Au chukua bendi yetu ya wafanyakazi. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwa sababu chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kiliitwa NUTA. Chama kikawa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Chama kikawa OTTU, bendi ikafuata. Leo ni Msondo Ngoma. Binadamu anayejua historia ya nchi yake ataona ni bendi moja. Kiredio kinaona jamaa wanne wasiosalimiana, mmoja N, mmoja J, mmoja O, mmoja M. Sasa mtafute humo Muhidin Gurumo, aliyeimba NUTA, akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Humpati kwenye G, humpati kwenye M, maana kadi huandika bendi, haiandiki koo.

Msanii Asiyejulikana hana vurugu hizo. Hajawahi kuhama bendi, hajawahi kubadili jina kwa sababu ya mkutano mkuu wa chama. Wote hukaa kwake, pamoja, kwenye herufi moja.

Kuna na suala la kukatwa jina, ambalo yeye limempita pembeni. Mwaka 1996 mtu mmoja aitwaye Eric Kemp alibuni njia ya kuubandikia wimbo wa MP3 kitambulisho. Aliweka baiti 128 mwishoni mwa faili, na ndani yake akagawa vyumba: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, na kadhalika. Bila shaka Bwana Kemp alikuwa na nia njema, ila hakuwa akiwafikiria watu wa Morogoro. Andika "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band" halafu hesabu. Herufi ya 30 ni nafasi tupu iliyo baada ya Morogoro. Bendi yote inabaki nje mlangoni na magitaa yake, na ndani anabaki Mbaraka na mji mzima: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro. Hapo walau kuna ushairi kidogo. Alipohamia Super Volcano mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani kadi inaandika "Mbaraka Mwinshehe na Super Vol", kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya maneno.

Chumba cha mwisho cha kitambulisho hicho ni baiti moja tu, ya aina ya muziki. Orodha ya mwanzo ilikuwa na aina 80. Polka imo, ina namba yake, 75. Taarabu haimo. Polka ni ngoma ya watu wa Ulaya ya kati na sina ugomvi nao, lakini klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na miaka tisini na moja baadaye bado ilikuwa haijapata hata baiti. Aliyetaka kuwa mwaminifu aliiweka taarabu kwenye namba 12, yaani "nyinginezo". Huko nyinginezo ndiko nilikowakuta mashangazi zangu wote.

Ndiyo nasema: asiye na jina hakatwi, na asiye na kabila hapangiwi mtaa.

Nisimsifu kupita kiasi nikaficha kasoro zake. Ramadhani moja mama mkwe alikuja kufuturu. Nikataka kaswida itangulie kidogo adhana, na nilikumbuka vizuri kwamba kaswida nzuri ni Namba 07. Nilichosahau ni kwamba kila CD iliyowahi kuingizwa kwenye kompyuta ina wimbo wake wa saba, kwa hiyo Namba 07 kwenye kadi yangu ziko zaidi ya kumi. Ukalia mchiriku. Kinanda kile kidogo, zile ngoma, yale maneno. Nilihangaika na kitufe, nacho kikaongeza sauti. Mama mkwe akatulia, akamaliza tende iliyokuwa mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa nao wamefunga?"

Sikuwa na la kumjibu. Hawakujulikana.

Mtu akiniuliza Msanii Asiyejulikana alizaliwa wapi, ninazo hati kadhaa za kuzaliwa. Moja ni ya steshenari, wanakoingiza CD kwenye kompyuta. CD ya kawaida ya muziki mara nyingi haina ndani yake majina ya nyimbo. Majina yako kwenye karatasi ya kasha. Kompyuta ikitaka kuyajua huuliza kwenye intaneti. Ikiwa siku hiyo bando limekwisha, na kasha lilishapotea, basi kompyuta inaandika namba tu na kuendelea na kazi. Zamani jambo hilo lilikuwa gumu kutokea. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani ya santuri ilibeba dakika kama tatu kila upande na katikati yake imegandishwa karatasi yenye maandishi. Ungeweza kuivunja sahani, lakini si kuitenganisha na jina lake. Kwangu, Siti yumo, nina hakika yumo. Ni Namba 03.

Hati ya pili inanihusu mimi, naomba niisome polepole. Tulipokuwa vijana, Radio Tanzania Dar es Salaam ikipiga muziki wa dansi, tulikaa mbele ya redio kaseti vidole viwili vikiwa tayari, kimoja juu ya kitufe cha kucheza na kingine juu ya kitufe cha kurekodi. Mtangazaji alikuwa mtu wa adabu. Alitaja bendi, alitaja mtunzi, siku nyingine alitaja hadi mpiga solo. Sisi tulikuwa tukimsonya. Anyamaze! Tulibonyeza pale tu alipofunga mdomo, na tukazima kabla hajaufungua tena. Kanda safi, ya kumwazimisha rafiki kwa masharti, ilikuwa ile isiyo na mtangazaji hata kidogo. Miaka ikapita, kanda zikaingizwa kwenye kompyuta, na leo nauliza huyu aliyeimba hapa ni nani. Nilikuwa na jina lake sentimita mbili kutoka kwenye kidole changu, nikasubiri lipite.

Hasira hana. Hajawahi kufika ofisi ya hakimiliki kuulizia mirabaha yake, na hata angefika, pale juu kwenye fomu, palipoandikwa jina kamili, angejaza nini? Nimemsikiliza miaka yote hii, kwenye daladala, jikoni, kwenye foleni ya maji, na sijui kama yu hai. Huenda ni yule mzee anayepita na baiskeli akinoa visu.

Lakini hapa ni mahali pa sifa.

Mwaka juzi mpwa wangu, aliyemaliza chuo na kusubiri ajira, alijitolea kunisafishia kadi. Alikuja na programu inayosikiliza wimbo, ikaupima kama polisi anavyochukua alama za vidole, kisha ikautafutia jina. Tulikaa siku tatu. Nyimbo za Marekani ilizijua zote hadi mwaka wa kutolewa. Rumba ilizijua kwa kubahatisha. Ilipofika kwenye taarabu ya Unguja, fidla zikilia na ganuni ikidondoka kama matone ya mvua, ilifikiri kwa muda mrefu, ikaniambia kwa ujasiri kwamba huyo ni mwimbaji mmoja wa Uturuki. Mpwa akasema, "Mjomba, tuikubalie?" Nikasema hapana, mrudishe kwake.

Hata hivyo alifaulu kupata majina ya nyimbo mia nane hivi, akazipanga kwenye folda, folda ndani ya folda, akanikabidhi kama anayekabidhi ufunguo wa nyumba. Na nimeona jambo la ajabu. Zile mia nane nazitazama. Wimbo ukianza, jicho linakwenda kwenye kioo, linasoma, linaridhika, na sikio linarudi kulala. Zile zisizo na jina ndizo zinazotufanya tubishane. Juzi usiku uliingia mmoja, magitaa mawili yanajibizana, tarumbeta zinaingia kwa kuchelewa kidogo makusudi. Jirani yangu, fundi cherehani mwenye miaka sabini na kitu, akasimamisha mguu kwenye pedali. Akasema hiyo ni bendi ya Sikinde. Mke wangu akasema si Sikinde, sikiliza besi, hiyo ni Maquis. Fundi akamwambia, "Shemeji, Maquis naijua, nimecheza Maquis hadi viatu vikaisha soli." Tukaurudisha mwanzo. Tukaurudisha tena. Tukasikiliza besi peke yake, kisha ngoma peke yake, kisha yule wa tatu katika waitikiaji ambaye hakuna aliyewahi kumgundua kabla ya hapo. Chai ikapoa. Kioo kiliendelea kuandika maneno yake mawili na hatukukiangalia.

Saa tano fundi akaenda kulala akiwa bado anaamini ni Sikinde.

Wako wanamuziki wa siku hizi wasiomwelewa kabisa mzee huyu. Wimbo wa dakika tatu, jina linatajwa mara nne, la prodyuza mara mbili, kisha DJ anaingia katikati ya ubeti kutangaza lake, na jina la faili limebeba anwani ya mahali ulikopakuliwa, ndefu kuliko kiitikio. Kwa wote hao kadi yangu ina nafasi. Ila heshima, samahani, nimeshaitoa kwingine.

Imebaki haja moja tu. Katika kazi zake, ninayoipenda zaidi ni faili yenye dakika 45 iitwayo "Upande A". Ni kanda ya C-90 iliyoingizwa nzima, na mvumo wake, na jogoo wa mtu fulani dakika ya kumi na mbili. Wimbo wa mwisho ni wa taratibu, kuhusu mtu anayesubiri barua, na anapofikia kusema barua ilitoka kwa nani, kanda inakwisha. Mwenye Upande B wa kanda hiyo naomba anitafute. Jina la mwimbaji sihitaji, nataka la aliyeandika barua.