Kanga Nyuma ya Nyumba

Kanga mwitu mwenye vifaranga hutazamwa kwa kulala kifudifudi. Njia nyingine zipo, ila mtazamaji huambulia majani yanayotikisika. Katika wilaya za Mbulu na Hanang ndege huyu hufika mpaka uani, kwenye matuta ya viazi, chini ya alizeti na pembezoni mwa ua wa minyaa, hasa mvua zikishakolea na nyasi kurefuka. Ubaya wa kulala kifudifudi ni mmoja, nao ulithibitika juzijuzi katika kijiji kimoja cha upande wa Dongobesh: mtu mzima aliyelala kimya shambani alfajiri, kajifunika shuka, machoni pa jirani hatazami ndege. Amekufa.

Hata hivyo kulala hakuepukiki. Kanga ana kichwa kisicho na manyoya, ngozi yake ya buluu na nyekundu, utosini pembe ya mfupa, na pande zote mbili jicho lisilopitwa na kitu. Kundi likila, daima kuna mmoja aliyeinua shingo. Akiona asichokipenda hutoa mlio mkavu wa kukwaruza, wa harakaharaka, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Wakubwa hutimua mbio, kwa kuwa kanga hupenda miguu kuliko mbawa na akilazimika kuruka huruka kwa kishindo, si mbali. Vifaranga wadogo hawakimbii. Hulala pale pale walipo. Wana rangi ya kahawia yenye michirizi, na wakilala juu ya mabua makavu ya mwaka jana mtu anaweza kusimama katikati yao akiuliza wamekwenda wapi. Anaweza pia kumkanyaga mmoja, na hiyo ni sababu ya pili ya kutosimama.

Kuwahesabu ni kazi nyingine. Jike hukwangua kishimo chini ya nyasi na kutaga humo mayai yenye ganda gumu, lakini majike wawili au zaidi huweza kutaga kiota kimoja, kwa hiyo lundo kubwa la mayai si sifa ya mama mmoja. Huatamia siku 26 hadi 28. Dume haatamii, ila vifaranga wakianguliwa hushika zamu ya kweli, akiwaongoza penye wadudu na kuwafunika kwa mbawa wakipata baridi. Jogoo wa nyumbani, pamoja na makelele yake yote, hajawahi kufikiria jambo hilo. Na baridi si mzaha: katika nyanda za juu za Mbulu umande wa asubuhi hulowesha suruali mpaka magotini, na kifaranga wa kanga aliyelowa chapa hufa haraka. Nguchiro na mwewe huchukua waliobaki. Anayetaka kujua wangapi wamevuka usiku lazima awahesabu mapema, kabla jua halijapanda, na ndivyo alivyokuwa akifanya mtazamaji wa Dongobesh mtoto wa jirani alipopita kurudisha ungo.

"Shikamoo," alisema mtoto.

Wakati huo kanga walikuwa ndio kwanza wanatoka kwenye minyaa, shingo moja baada ya nyingine, vifaranga nyuma yao. Marahaba moja tu ingewatawanya. Mtazamaji akanyamaza. Mtoto aliyelelewa vizuri hudhani salamu haikusikika, kwa hiyo akairudia kwa sauti zaidi. Ikumbukwe kwamba kuanzia Mbulu mpaka Katesh hakuna mtu mzima aliye hai anayeacha shikamoo mbili zipite bila jibu. Hata anayekudai huitikia kwanza. Kwa ushahidi aliokuwa nao mtoto alifikia hitimisho sahihi, akaangusha ungo, akakimbia.

Yowe la milimani hupokewa kilima kwa kilima. Mtazamaji angeweza kusimama mara hiyo na kuwapoteza vifaranga ambao walikuwa wameanza kuhesabika. Aliendelea kulala, akafika kifaranga wa tisa. Walipowasili watu, kanga hawakuwapo tena. Walikuwapo wazee wenye fimbo, akina mama, blanketi la kumbebea na bodaboda ambayo haikuzimwa injini. Mmoja mwenye uzoefu alisema marehemu asiguswe mpaka mwenyekiti afike. Marehemu aliposimama, walipiga yowe jingine, kubwa kuliko la kwanza.

Maelezo kwamba alikuwa akitazama kanga, yakitolewa na mtu mwenye nyasi mdomoni, hayakusaidia. Mwenyekiti wa kitongoji alikagua mahali palipolaliwa, akaona ni hatua moja tu kutoka kwenye mpaka wa shamba la jirani, akauliza tangu lini mipaka inapimwa alfajiri kwa tumbo. Mwenye bodaboda alidai nauli ya kwenda hospitali na kurudi, kwa hoja kwamba uzima wa mgonjwa haupunguzi bei ya petroli. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kuleta bakuli la unga wa msiba alilibeba akarudi nalo kwake, bila kuaga.

Majaribio yaliyofuata yanaelezeka kwa ufupi. Mahindi ya kuwavutia yaliliwa na mbuzi. Darubini ya kuazima ilielekea, bila kukusudia, bafu la jirani, nayo haikuazimwa tena.

Madhara ya kanga hayana kichekesho. Mahindi yakishapandwa, kabla hayajachipua, ndege huyu hufuata mstari wa mbegu kama aliyekabidhiwa ramani, akifukua punje kwa punje. Kwa haki yake, hula pia sota, mchwa na kupe; lakini sota hauzwi duka la pembejeo, na mbegu inauzwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Asiye na leseni akimtega kanga ni mwindaji haramu. Kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011, kwa upande wao, ziliandikwa kwa ajili ya uharibifu wa wanyama hatari. Tembo akipita shambani kuna fomu ya kujaza. Kanga si hatari. Basi ndege ni wa umma, mbegu ni ya mkulima, na hasara haina fomu. Anayeona jambo hili ni dogo hajapanda mara mbili msimu mmoja kwa fedha ya mkopo.

Tausi hana shida hizo. Asili yake ni Bara Hindi, na nchini Tanzania makazi yake yanayojulikana zaidi ni Ikulu. Mwaka 2020 Rais John Magufuli aliwagawia marais wastaafu na Mama Maria Nyerere baadhi ya tausi hao. Afrika ina tausi wake mmoja tu, wa misitu ya Kongo, na hata huyo wataalamu walimkawiza: James Chapin aliona unyoya wake Ituri mwaka 1913, asiutambue mpaka mwaka 1936, alipokuta katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ndege wawili waliokaushwa wakiwa na lebo ya tausi wa India. Uani Mbulu, ndege wa fahari ni kanga, na hana mlezi.

Mavuno yakiisha, familia za kanga huungana tena kuwa kundi kubwa, zikishinda kwenye mabua ya mahindi na ngano na kulala juu ya miti. Vifaranga huwa wameshajua kuruka tangu zamani na kwa mbali hawatofautiani na wazazi. Hutambulika kwa pembe, ambayo bado ni fupi, na kwa ngozi ya kichwa ambayo haijakolea rangi.